Koti la Marehemu Uwanjani

Mwaka ule shamba lilipouzwa, bwana mwenye farasi alikuwa ameshakufa. Moyo wake ulisimama asubuhi moja akikagua ngano, na mke wake, ambaye sote tulimwita memsabu, akaamua kurudi kwao ng'ambo. Uhuru ulikuwa umekuja miaka michache tu kabla ya hapo. Walionunua walikuwa watu wengi waliojiunga ili wagawane ekari. Walitaka ardhi na ng'ombe. Farasi hawakuwataka, na siwalaumu, kwa maana farasi hakamuliwi.

Mimi nilikuwa saisi pale, mtunzaji wa farasi, mwaka wangu wa tisa. Memsabu alinikuta bandani nikiwasugua.

"Ambaye hatapata mtu nitampiga risasi," akasema. "Siwezi kuwaacha wavutishwe mikokoteni mpaka wafe."

Walikuwa wanne. Akaonyesha jike mwekundu, kipenzi cha marehemu, akasema huyo ataingia maonyesho ya Eldoret, maana wanunuzi wa farasi wangekuwepo. "Na wewe ndiye utamwongoza."

Miaka yote nilikuwa nikienda maonyesho hayo, lakini kazi yangu iliishia langoni. Hapo nilimkabidhi bwana kamba, nikabaki nje ya ua na kaptula yangu ya kaki, miguu mitupu. Kwa hiyo nikamwuliza nivae nini.

Alijibu polepole, kama mtu anayemsomea mtoto. Shati jeupe la mikono mirefu, na tai. Suruali isiyobana, kwa sababu nitakimbia naye. Buti ngumu, maana kwato likikanyaga kidole, kidole hakiponi. Glavu, kamba isinichune akishtuka. Kofia. Rangi iwe ya kutulia, na kitu chochote kisipepee. "Mwamuzi anatakiwa kumwona farasi," akasema. "Akikutazama wewe, umevaa vibaya."

Shati nililokuwa nalo ni la kanisani. Vingine vyote alivitoa kwenye sanduku la mumewe: buti, tai, kofia, glavu, na koti la kahawia.

Mke wangu alipoliona lile koti hakuligusa kwanza.

"Nguo ya maiti utaivaa hivi hivi?"

"Nisipoivaa, yule jike atauawa."

Alitaka angalau alifue, lakini mvua ilikuwa inanyesha kila siku na lisingekauka. Basi akalipiga brashi, akalipunguza mbavuni kwa sindano, akapasha pasi ya makaa na kunyoosha shati. Ndani ya buti tukajaza karatasi za gazeti, kwa kuwa marehemu alikuwa na miguu mikubwa.

Siku ya maonyesho nilivaa nyuma ya lori. Niliposhika kamba, yule jike alinigeukia, akanusa mkono wa koti, akapanda mpaka kwenye kola. Halafu akatia pua mfukoni, mahali ambapo bwana alizoea kumwekea karoti. Hakukuwa na kitu. Aliendelea kutafuta, kisha akasimama ameniegemea na masikio yake mbele, kama anayengoja kuitwa. Memsabu alikuwa karibu yetu. Aligeuka akaangalia upande wa pili.

"Nilivue?" nikamwuliza.

"Hapana. Nenda."

Nikaingia. Tulitembea, tukakimbia, tukasimama mbele ya mwamuzi. Alimwinua jike miguu, akamzunguka mara mbili, akaniambia nimrudishe nyuma hatua nne. Hakunitazama usoni hata mara moja. Nilijua kwamba hivyo ndivyo ilivyotakiwa, na kwamba nimevaa sawasawa. Hata hivyo iliniuma. Miaka tisa nilikuwa nimetamani kuvuka lango lile, na nilipolivuka nilipaswa nisionekane.

Tulipata utepe wa mshindi wa pili. Kabla ya saa kumi mama mmoja aliyefundisha watoto kupanda farasi karibu na Nairobi alikuwa amekubali kumchukua. Alinifuata, akaniuliza yule jike anapenda kula nini, anaogopa nini. Nikamweleza yote. Nikamwambia pia juu ya karoti.

Wale watatu hawakupata mtu. Memsabu alitimiza neno lake asubuhi moja kabla ya kuondoka, na mimi ndiye niliyewashika, mmoja baada ya mwingine, nikizungumza nao mpaka mwisho. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.  Mke wangu aliniwekea maji ya moto, akakaa nami mlangoni.

Juma lililofuata wenye shamba wapya walifika na vigingi na kamba za kupimia. Mzee mmoja kati yao alisimama kwenye banda tupu, akanusa hewa, akaniuliza ni wanyama gani walikuwa wakikaa humo. Nilipomwambia, alivua kofia yake, kisha akaniuliza kama ninajua kukamua.