Makucha ya Paka wa Muuguzi

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa makochi Durban, kwenye chumba cha chini cha jengo moja Albert Park. Mteja wangu mmoja alikuwa muuguzi, Mtanzania mwenzangu, aliyeishi peke yake na paka wa kijivu kwenye fleti kule Berea. Mara mbili ndani ya mwaka nilimbadilishia kitambaa cha kochi, maana paka alilichana mpaka sponji ikatoka.

Mara ya tatu alikuwa amechoka.

"Kaka, nimemgombeza, nimemrushia maji, hasikii. Nifanye nini?"

Nilijua la kufanya. Paka wa mtaani walioingia karakanani kwangu hawakugusa makochi. Walikwaruza kipande cha nguzo nilichokizungushia kamba ya katani. Ningemtengenezea kama hicho kwa nusu saa, akiweke kando ya kochi, paka angehamia huko. Lakini kochi lile lilikuwa linanipa kazi. Nikacheka.

"Dada, mng'oe makucha tu, yaishe."

Baada ya wiki tatu nilimpelekea kochi. Paka alikuja kuninusa, anatembea kama anayekanyaga makaa. Miguu ya mbele ilikuwa imenyolewa.

"Umemfanya nini?"

"Si ulisema wewe?" Akakaa sakafuni. "Daktari wa kwanza alikataa. Wa pili akakubali. Nilidhani ni kucha tu, kaka. Kumbe wanakata na kifupa." Akashika pingili ya mwisho ya kidole chake. "Hapa. Vidole vyote vya mbele. Na mimi muuguzi, sikuuliza."

Nikasema nilikuwa natania.

Mwaka uliofuata akapata kazi Uingereza. Aliniletea paka ndani ya boksi.

"Siwezi kumwachia mtu mwingine," alisema, na hakuhitaji kunieleza kwa nini.

Sikumruhusu kutoka nje. Mbwa wangemmaliza, kwani hakuweza tena kupanda ukuta. Mchanga niliomwekea wa kujisaidia ulimuuma vidole, akawa anakojolea matambara. Ukimshika ghafla, aling'ata. Wateja walimsifu: "Paka wako ana adabu, fundi, haharibu kitu." Niliitikia tu.

Kila asubuhi alisimama kwenye kochi lolote lililokuwepo, akajinyoosha, akavuta mguu huu, kisha huu, kwa nguvu zake zote. Nilikuwa nazima redio na kusikiliza. Hakukuwa na sauti. Akimaliza alikinusa kitambaa, akaanza upya.

Alikufa usingizini, nikamzika nyuma ya jengo. Kila Krismasi muuguzi alinipigia simu, na swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: paka hajambo? Mwaka aliokufa paka nao akauliza.

"Hajambo," nikamwambia. "Amelala."

"Bado anakwaruza?"

"Ameacha," nikasema. Nikamsikia akishusha pumzi, nami nikaendelea kumdanganya Krismasi mbili zaidi, mpaka simu zikakoma.