Mafuta ya Mbuzi Chini ya Miraba

Mwalimu wangu wa uchoraji alibadilisha mitindo kama watu wanavyobadilisha laini za simu. Alianza na vibao vya vinyozi na bucha hapa Huruma, na ndipo aliponichukua niwe mwanafunzi wake. Baadaye akahamia malaika wa makanisani, kisha simba na twiga wa kuuzia watalii, kisha nyuso zenye pua ubavuni. Mwishowe akafika kwenye miraba mitupu ya rangi, na magazeti yakamwita msanii asiyefungwa na mtindo mmoja. Kipaji alikuwa nacho, sitadanganya. Lakini kila akihamia mtindo mpya aliudharau wa jana, na sisi tuliobaki nao akatudharau pia.

Mimi nilibaki na nyuso za watu kama zilivyo, zile za vibao vya vinyozi. Mama yangu, aliyekuwa akiuza matumbo ya mbuzi kwenye soko la Kiamaiko, alipofariki, nilimchora kwa rangi ya mafuta kwenye ukuta wa nje wa ukumbi wetu wa mtaa, leso kichwani, akicheka. Nyumba yetu ilikuwa imeungua pamoja na picha zake zote. Sura yake ilibaki pale ukutani tu.

Mwaka jana kamati ya ukumbi ikampa mwalimu ukuta huohuo achore miraba yake. Nilimfuata, nikamsihi achukue ukuta wa nyuma. Nilimsihi kwa adabu zote.

"Zii, dada," akasema bila hata kunitazama. "Hiyo si art. Hiyo ni signboard tu. Usijam, utachora ingine."

Nilijam. Nilijam kwa hasira siku nyingi. Kisha nikarudi kwake nikitabasamu, nikamwomba basi anipe angalau kazi ya kuandaa ukuta. Alifurahi. Msasa hakuwa ameushika tangu magazeti yaanze kumwandika.

Kuandaa ukuta alinifundisha mwenyewe: kwaruza kwa msasa, osha kwa sabuni, acha ukauke, maana penye mafuta rangi haishiki. Sikukwaruza. Nilikwenda Kiamaiko kwa wale kina mama waliouza matumbo pamoja na mama, wakanipa mafuta ya mbuzi bila kuuliza ni ya nini. Nikampaka mama usoni, shingoni na kwenye leso, taratibu, kama nilivyokuwa nikimpaka miguu alipokuwa mgonjwa. Nikafuta yaliyozidi, nikafunika kwa chokaa. Mwalimu akaja na brashi zake akachora miraba. Siku ya kuizindua watu walipiga makofi, na mimi nikapiga kuwashinda wote.

Mvua za masika zilipoanza, miraba ikavimba malengelenge, kisha ikaanza kubanduka vipande vizima. Mwalimu alipoitwa aje kuona, nami nilikuwepo. Nisingekosa. Jicho moja la mama lilikuwa limeshatokeza, na meno yake ya juu. Jirani mmoja akasimama, akashangaa.

"Ai! Si huyu ni ule mathe wa matumbo?"

Mwalimu aligusa ukuta, akanusa vidole. Akanigeukia polepole. Alijua, na nilitaka ajue.

"We, umenifanyia nini?"

"Usijam, mwalimu," nikamwambia. "Utachora ingine."

Kisha nikatoa kisu mfukoni, nikaanza kubandua mraba mwekundu uliokuwa umefunika shavu la mama.