Majibu ya Asubuhi

Mwandishi wa kumbukumbu za baraza la jiji huandika majibu ya meya asubuhi, kabla kikao hakijaanza: "Suala hili linafanyiwa kazi." Madiwani wakishafoka mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, yeye hujaza maswali tu. Hajawahi kukosea. Leo diwani mmoja aliuliza habari za mtaro usiofunikwa nyuma ya soko, ule ambamo mama yake mwandishi alitumbukia akavunjika nyonga. Bi mkubwa hajainuka kitandani tangu siku hiyo. Mwandishi akalikata kwa mstari jibu aliloliandika asubuhi, akamkodolea macho meya kama mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Meya akakohoa. "Mheshimiwa, suala hili linafanyiwa kazi." Diwani akashukuru, akaketi. Mwandishi akainama, akaliandika upya, kwa mwandiko wake uleule mzuri.