Pale Redempta Alipokomea Kusoma

Mwenye kovu usidhani kapoa. Redempta alishona mapazia katika duka la Thuwein kule Satwa, Dubai, mwanamke mpole wa maneno machache, na wenzake wa ushirika wa sala wa Kiswahili walidhani amekwisha kusahau. Hakuwa amesahau. Alikuwa anangoja.

Yote yalianzia kwenye msiba wa mdogo wake, Gosbert, aliyekuwa akifunga nondo kwenye majengo. Gosbert alifika Dubai akiwa mshika dini, kisha akaizoea pombe, ibada akaiacha, na asubuhi moja ya joto kali akaanguka kazini, asiinuke tena. Wanaushirika walikusanyika Bur Dubai, kwenye fleti wanakosali kila Ijumaa, wamfariji dada yake. Hapo Emiliana akasimama.

Emiliana alilea watoto wa madam mmoja huko Jumeirah, na ndiye aliyekuwa mwalimu wao. Alikuwa amesomea dini kwa njia ya simu mpaka akahitimu, na ukutani alibandika mchoro wake: ngazi ya wokovu, ambayo juu yake kila binadamu alikuwa na kipandio chake. Akaugusa kwa kidole.

"Tusidanganyane," alisema. "Mteule wa kweli hudumu mpaka mwisho. Gosbert hakudumu. Basi hakuwa wetu tangu awali."

Redempta alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikinywa chote, taratibu, huku akimtazama. Moyoni alisema: siku yako itafika, nami nitakuwepo.

Kwa hiyo hakuuhama ushirika. Ukihama, utamwonaje adui yako akianguka? Alianza kuyasoma Maandiko kama mtu anayenoa kisu. Kwanza alitaka kuthibitisha lile alilolelewa nalo Bukoba, kwamba Gosbert yuko toharani, anatakaswa na atatoka. Lakini kila alipolijengea hoja, aya moja ilimuunga mkono na nyingine ikamkatalia. Akamkuta mnyang'anyi aliyeahidiwa kuwa peponi akiwa msalabani, hajapanda kipandio hata kimoja. Akawakuta pia watu waliotoa pepo kwa jina la Bwana wakaambiwa hawajulikani. Hao hawakuenea kwenye ngazi ya Emiliana, wala kwenye toharani yake yeye. Jambo hilo lilimchoma, akalipita haraka. Alichokitaka ni silaha, na aliipata mwishoni mwa kisa cha Ayubu, pale Mungu anapowakasirikia marafiki waliomfafanulia mfiwa kila kitu.

"Cherehani waiendesha kama wamfukuza mtu," Thuwein alimwambia siku moja.

"Namfukuza," akajibu.

Mwaka wa pili mume wa Emiliana alifariki huko kwao Iringa. Kila mtu alijua kwamba marehemu aliliacha kanisa zamani, akahamia kwa mwanamke mwingine, na hakurudi. Ushirika ukakutana katika fleti ileile. Emiliana alikaa chini kwenye zulia, khanga kichwani, midomo imemkauka. Mchoro ulikuwa nyuma yake. Walipotafuta wa kusoma neno, Redempta alikuwa amekwisha simama.

Akasoma kwa sauti ya utulivu kabisa, neno kwa neno: jinsi hasira ya Mungu ilivyowawakia marafiki wale, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake. Akafunga kitabu. Wote walikumbuka msiba wa Gosbert, na Redempta alihisi utamu ukimpanda kifuani, utamu alioungoja muda mrefu.

"Endelea," alisema Emiliana.

"Nimemaliza."

"Hujamaliza, dada. Umekomea katikati. Endelea."

Redempta alifungua tena. Aliijua aya inayofuata. Siku zote aliiruka. Akasoma kwamba marafiki wale waliamriwa waende kwa Ayubu, naye Ayubu awaombee.

Emiliana akajikokota juu ya zulia mpaka miguuni pake. "Nilikuua siku ile," alisema. "Leo nimejiua kwa ngazi yangu mwenyewe, maana sijui nimweke wapi baba wa wanangu. Niombee."

Redempta hakutaka. Alitaka kumwona ameanguka, si amepiga magoti. Angeweza kuondoka, viatu vyake vilikuwa pale mlangoni. Lakini alikuwa amelisoma neno kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya watu, na lingemshtaki.

"Bwana, unamjua," alisema, meno yamekazana. "Mhurumie." Basi. Hakuongeza neno.

Ijumaa iliyofuata mchoro haukuwepo ukutani. Emiliana aliendelea kufundisha, ila mara kwa mara alisema, "Hapa Maandiko yamenyamaza, nami nanyamaza." Siku moja mgeni, dada aliyetoka Kampala, aliuliza habari za mtu aliyekufa akiwa amerudi nyuma katika imani. Emiliana akamtazama Redempta.

"Sijui," akasema Emiliana. "Namjua Mwamuzi tu."

Redempta aliinamisha kichwa. Jibu hilo halikumridhisha. Alitamani aambiwe ndiyo, Gosbert yuko salama, na hakuwepo wa kumwambia. Hasira ilikuwa bado imo. Hata hivyo, ibada ilipokwisha, alisogea kwenye zulia ili Emiliana apate pa kukaa.