Taa Nyekundu ya Lori la Kiprono

Siku niliyoanza kazi katika gereji moja karibu na reli mjini Nakuru, Fundi Mkuu alinikabidhi gari kuukuu lisilowaka taa za dashibodi, akaniambia nisimwite mpaka nijue sababu. Babangu, aliyekuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, ndiye aliyeniombea nafasi hiyo. Mafundi wengine waliacha kazi zao kunitazama. Hawakuwa wamezoea kuona msichana akishika waya.

Ninyi mnaoanza ufundi leo mna kompyuta ya kuchomeka chini ya usukani. Sisi tulikuwa na taa ya kupimia tu: balbu ndogo yenye ncha ya chuma, na waya wa kubana kwenye bodi. Ulianza na fyuzi. Ikiwa nzima, ulijaribu kile kitufe cha kupunguza mwanga, maana hushika kutu. Hapo ndipo ulipofungua dashibodi, ukachomoa balbu moja baada ya nyingine, ukafuata waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Siku ile niliukuta umelegea. Nilipoukaza, geji zote, za mafuta, joto na mwendo, zikaonekana.

Fundi Mkuu hakunisifu. "Watu hufikiri taa hizi ni urembo," alisema. "Dereva asiyeona geji zake anabahatisha. Wewe usimwache abahatishe."

Nilikaa naye miaka mingi. Alipofariki, mwenye gereji akanipeleka Mai Mahiu, alikofungua tawi la kutengeneza malori. Msimamizi wa huko alikuwa mtu wa haraka, asiyependa kuona lori limelala uwanjani.

Huko nilizoeana na Kiprono, dereva wa Olenguruone aliyepeleka viazi Nairobi. Alikuwa mpole, akiniita dada, na hakupita bila kuniuliza hali ya mama yangu mgonjwa. Asubuhi moja alikuja dashibodi yake ikiwa giza tupu. Nilipoifungua nikakuta panya wametafuna nyaya. Breki za lori hutumia upepo, na upepo ukipungua, taa nyekundu huwaka na king'ora hulia ili dereva asimame mapema. Vyote viwili vilikuwa vimekufa.

"Niachie mpaka jioni," nilimwambia.

Alimpigia tajiri wake simu. Sauti ilitoka kubwa, sote tukasikia. "Hizo ni taa tu, Kiprono. Viazi vitaoza. Ukirudi watatengeneza."

Nilimwendea Msimamizi, nikamsihi alizuie lile lori.

"Lori si lako, Rosa," alisema. "Mpe mtu funguo zake."

Kiprono alizipokea bila kunitazama. "Dada, nikikataa, kesho kuna dereva mwingine kwa hiki kiti. Nitapitia hapa nikirudi."

Alipanda salama ule ukuta mkali wa bonde ulio kati ya Mai Mahiu na Nairobi. Aliporudi na shehena ya saruji, akiteremka ukuta uleule, upepo ulivuja polepole bila yeye kujua. Utingo wake, aliyeruka akavunjika mguu, alitueleza kwamba breki zilikataa ghafla na dashibodi haikuonyesha kitu. Kiprono alibaki na usukani wake, akijaribu kulielekeza lori mbali na vibanda vya barabarani. Vibanda vilipona. Yeye hakupona.

Mabaki ya lori yaliburutwa hadi uwanjani kwetu. Tajiri alikubaliana na Msimamizi yauzwe vipande vipande, nami nikaambiwa nitoe dashibodi, niunge nyaya, kwa kuwa mnunuzi anangoja. Nilifanya. Niliunga kila waya uliotafunwa, nikaunganisha betri, na ile taa nyekundu ikawaka vizuri kabisa. Niliitazama mpaka Msimamizi alipokuja kuizima.

Niliacha kazi pale, nikarudi Nakuru kufungua kibanda changu. Nilidhani nitafuata maneno ya Fundi Mkuu kwa njia yangu mwenyewe. Lakini wateja walikuwa wamebadilika. Kijana alileta gari la kuuza na kusema, "Mathe, hiyo taa ya injini inanisumbua. Izime tu." Nilipomwambia tutafute ugonjwa, alicheka, akaenda kibanda cha jirani, na baada ya muda mfupi alipita mbele yangu dashibodi ikiwa safi. Walikuja hivyo wiki baada ya wiki. Kazi niliyofunzwa ilikuwa kuwasha. Iliyotakiwa sasa ilikuwa kuzima, na waliojua kuzima ndio waliokula.

Macho yalipoanza kukataa nyaya nyembamba, nilifunga kibanda nikahamia kwa binti yangu Nekesa, huko Lanet.

Juzi jirani yetu, mwalimu, aliniita nione gari alilonunua mtumba. Watoto wake walikuwa tayari wamekaa nyuma. "Angalia, Mama Nekesa. Gari kuukuu, lakini dashibodi haina taa hata moja ya kulalamika."

Nilimwomba azungushe funguo bila kuwasha injini. Kwenye gari lisilochezewa, hapo taa zote za tahadhari huwaka kwa muda ili kuonyesha zipo hai: ya mafuta, ya breki, ya injini. Hakuna iliyowaka. Nilimweleza kwamba kuna aliyezizima ili gari liuzike, na nikaona furaha ikimtoka usoni.

"Basi nitengenezee wewe, mama."

Nilimwambia macho yangu hayaoni tena nyaya. "Mpelekee fundi."

"Fundi yupi?" aliuliza.

Nilipitisha moyoni kila kibanda ninachokijua, kuanzia mjini mpaka hapa Lanet, nikitafuta hata kimoja kinachowasha badala ya kuzima. Watoto walikuwa wananisubiri niseme.