Mke Wangu na Mifuniko ya Injini

Mke wangu alikuwa anavisha mifuniko ya injini za malori. Wengi hawajui kama kazi hiyo ipo. Lori la kichwa bapa injini yake iko chini ya kebini, katikati ya dereva na msaidizi wake, na juu yake pana mfuniko, umekaa kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Mfuniko ukikaa vibaya, joto linapanda, kelele zinapanda, moshi unapanda. Dereva anakuwa anasafiri na jiko.

Mimi nilikuwa upande wa bati. Nanyoosha palipobonyea, nachomelea palipopasuka, nabadilisha vibano vilivyochoka. Yeye anapokea hapo. Anabandika kitambaa kinene kisichoshika moto upande wa ndani, anaweka sponji na ngozi ya bandia upande wa juu, kisha anazungushia mpira ukingoni. Mwisho anapanda kebini, injini inanguruma, anafunga vioo, ananusa. Akishuka anasema, "Bado." Au anasema, "Mwambie aende."

Madereva walimwita Mama Sponji. Alilipokea jina hilo, mpaka simu akawa anaipokea kwalo. Dereva akija na haraka alimwambia, "Haraka yako iache getini, utaichukua ukitoka." Aliyempigia kelele alifanyiwa kazi ileile kama mwenzake, ila huyo hakupewa kiti.

Kule kupanda kebini hakukuwa maringo. Mimi sina pua. Moshi wa kuchomelea uliiua zamani. Chakula kikiungua nyumbani, yeye ndiye aliyeniambia kutoka uani, nami nimekaa humohumo jikoni. Hatukuwahi kulikalia kikao. Nyundo ilikuwa yangu, pua yake, kazi ikaenda.

Aliumwa, akalala, hakuamka. Sina la kuongeza hapo.

Binti yetu alikuja baada ya watu kutawanyika. "Baba, funga karakana. Njoo ukae kwangu." Nikamwambia nitafikiri. Kidole kimoja hakivunji chawa, hilo nalijua. Lakini kuambiwa na mtoto niliyembeba mgongoni ni jambo jingine.

Nikiwa bado nafikiri, shemeji yangu akaleta lori. Huyu ni mdogo wa marehemu mke wangu, dereva wa masafa. Mfuniko wake ulikuwa umeoza kuanzia kwenye bawaba, hauna pa kuchomelea. Alikuwa amepata mwingine kwa wauza vyuma chakavu.

"Shemeji, dada hayupo," akasema. "Unaweza, au unaona aibu kukataa?"

"Naweza."

"Uko peke yako."

"Leta mfuniko."

Nikaunyoosha, nikaupiga rangi, nikabandika kitambaa, nikashona ngozi. Mpira nikauvuta ukingo mzima, ukakaza kama ngozi ya ngoma, nikaukata ncha zikigusana. Nikapanda kebini, nikafunga vioo, nikawasha injini. Sikusikia harufu yoyote. Kwa mtu asiye na pua hilo si jibu, lakini siku ile nililichukua kama jibu. Nikamwambia aende.

Hakufika. Kesho yake alirudi na macho mekundu. Alikuwa amesimamisha lori njiani, akatapika, akalala chini ya mti mpaka kichwa kikatulia. Binti alikuwepo, ameniletea chakula.

"Shemeji," akasema huku amejishika paji la uso, "hiyo pua yako Mungu alikupa ya kutundikia miwani tu."

Nikacheka kidogo. Binti hakucheka.

"Baba, ukimuua mjomba, nimlilie yeye au nikulilie wewe?"

"Hajafa."

"Hajafa leo. Sikiliza. Ukishindwa na hili, nakuja na gari tubebe vitu vyako. Hutafunga tena mfuniko wa mtu."

"Sawa," nikamwambia. Sikuwa namridhisha. Angekuwa na haki.

Pua sina, lakini macho ninayo. Nikachukua chaki ninayowekea alama kwenye bati, nikaisaga, nikaipaka kwenye sakafu ya kebini pale mpira unapolalia. Nikafunga mfuniko, nikabana, nikafungua. Chaki huhama pale vitu vinapogusana. Mpira ulikuwa mweupe pande zote isipokuwa nyuma, upande wa eksozi, bomba la moshi. Hapo ncha mbili za mpira zilikuwa zimeachana, kidole kinapita.

Mpira ukiuvuta unakubali. Ukipata joto unarudi urefu wake. Nikakumbuka mikono ya mke wangu. Hakuwahi kuuvuta. Aliusukuma kwa kidole gumba, kidogo kidogo, akaacha urefu uzidi, kisha akazilazimisha ncha zikutane. Nilikuwa namtania, "Unambembeleza nani?" Naye ananijibu, "Kagonge bati lako, baba." Tumeishi pamoja maisha mazima na sikuwahi kumuuliza kwa nini anasukuma.

Nikatupa ule mpira, nikaweka mwingine kwa kuusukuma. Ncha nikazikutanishia mbele, mbali na eksozi. Nikajaribu tena na chaki. Mstari ukatoka mzima, hauna pengo.

Binti akapanda kebini bila kuombwa. Injini ikawaka, vioo juu. Nikangoja chini.

"Nasikia gundi tu," akasema.

"Kaa tena."

Akakaa. "Gundi, Baba. Na jasho la mjomba."

"Hilo halina mpira wa kulizuia," shemeji akasema.

Lakini injini iliyosimama uani si injini iliyopanda mlima na mzigo. Nikamwambia shemeji nakwenda naye. Binti akashika kiuno. "Na wewe tena?"

"Kikiuma kichwa, viume viwili."

Tukaondoka na mzigo wa saruji. Mimi nilikaa kiti cha msaidizi, mkono juu ya mfuniko. Ulikuwa na uvuguvugu, si moto. Mlimani injini ikalia sana.

"Shemeji, kichwa?"

"Kipo."

Tukapanda kona nyingine.

"Kichwa je?"

"Shemeji, kichwa kizima. Masikio ndiyo yanauma, unauliza kila kilomita."

Juu kabisa akasimama kukagua matairi. Nikafungua mfuniko. Mpira umetulia, ncha zimeshikana. Palikuwa na mafuta kidogo ukingoni, nikayafuta kwa kitambaa, maana mafuta hula mpira. Nikamwambia shemeji naye awe anafuta kila anapopima oili. Akaitika kwa kichwa tu, mdomo umejaa mkate.

Nikampigia binti.

"Usilete gari," nikamwambia.

"Mjomba yukoje?"

"Anakula."

 

"Basi tafuta mtu wa kushona, Baba. Ule mshono wa ngozi nimeuona, ni wa aibu."

Nikamwambia nitatafuta.