Goli Tupu la Bweremana

Katika mashindano yetu ya wanawake kando ya ziwa, timu isipofika uwanjani inangojewa dakika kumi na tano. Kisha arbitri, mwamuzi wa mechi, anatangaza forfe: timu iliyopo imeshinda, mabao matatu, bila kutoka jasho. Lakini tuna desturi yetu. Forfe haiandikwi mpaka mchezaji mmoja apige mpira ndani ya goli tupu, na watu wote waone.

Siku ya fainali tulitoka Shasha kwa miguu, tukiwa tumeuza samaki tangu alfajiri, vidole vikinuka sambaza, wale dagaa wa ziwa letu. Kapiteni wetu alichechemea mbele yetu. Goti lake, alisema, limeshakwisha: mechi hii ndiyo ya mwisho. Miaka yote aliyocheza hakuwahi kubeba kombe. Alilitaka, ila alitaka kulipigania.

Uwanjani Bweremana hapakuwa na wa kupigana naye. Wapinzani, wanawake wanaoponda mawe machimboni Omate, kule Walikale, walikuwa bado njiani. Mvua ilikuwa imeharibu barabara. Dakika kumi na tano zikaisha.

"Mupige goli, tumalize," arbitri akasema.

Kapiteni akaweka mpira katikati, akanipasia. Hata goli hakulitazama.

"Tucheze," akaninong'oneza. "Hakuna mutu amesema tupige mbiombio. Watafika."

Tukacheza, kumi na mmoja dhidi ya nyasi. Pasi kulia, pasi kushoto, pasi nyuma. Watu wakacheka.

"Mama, adui iko wapi?" mwanamume mmoja akapaza sauti kutoka pembeni. "Ao ni ile miti ya goli njo inawashinda?"

"Ingia weye, Papa!" kapiteni akamjibu. "Jezi iko!"

Arbitri akatazama saa, akaketi juu ya jiwe. Kicheko kikaisha, watazamaji wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Kila nilipogusa mpira, uzito wa ndoo za samaki za asubuhi ulinirudia shingoni. Kukimbizana na adui kunachosha miguu. Kukimbia bila adui kunachosha mahali ambapo mkono haufiki kukanda. Kapiteni peke yake hakuchoka kutazama barabara.

Mpira ukanijia mbele ya goli. Nilipaswa kuurudisha. Kwa miaka nimewaambia watu kwamba uliteleza. Haukuteleza. Nilikuwa nimechoka, na goli lilikuwa karibu kuliko kapiteni. Niliusukuma kwa ubavu wa kiatu, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Filimbi ikalia.

Kapiteni alilichukua kombe, akalibana kwapani kama beseni lake la samaki baada ya soko. Hakunigombeza. Angenigombeza, ingekuwa nafuu.

Hatujafika nusu ya njia ya kurudi, tukakutana nao: wanawake kumi na mmoja, matope mpaka magotini, viatu vya kuchezea vimening'inia shingoni. Walitutambua kwa jezi.

"Badada, mutusamehe," mmoja akasema, akihema. "Gari ilikwama, tukashuka, tukatembea. Tumechelewa?"

Kapiteni akaliweka kombe chini, katikati ya barabara, kati yao na sisi. Kisha akanigeukia.

"Waeleze weye."

Nikatafuta pa kuanzia. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kuketi ukingoni mwa barabara, wanafunga kamba za viatu.